Idara ya rasilimali watu ya kampuni yetu: hodari kwa tarehe, waoga kwa majina

Niseme alama kabla ya maelezo, maana wengi husoma mwanzo tu: nyota tatu kati ya tano. Mishahara na likizo, tano kamili. Kuajiri, tatu, na ya tatu nimewapa kwa sababu nitakayoieleza. Malalamiko dhidi ya wakubwa, moja, tena ni kwa vile sifuri haipo.

Mimi ni mkuu wa kitengo cha ghala. Chini yangu wapo wapokeaji wa mizigo, wahesabuji, wafungaji, madereva wa foklifti na wakuu wa zamu. Siajiri, sipandishi cheo wala simpi mtu onyo bila karatasi zangu kupita kwa watu wa rasilimali watu. Kwa hiyo mimi ni mteja wao wa kila siku, na mteja ana haki ya kusema alivyohudumiwa. Kampuni sitaitaja. Bado nafanya kazi humo, na maofisa ninaowazungumzia tunapishana kwenye ngazi kila asubuhi.

Kilichonisukuma kuandika ni ripoti yao ya mwaka, ile ambayo idara hujipima yenyewe na kuipeleka kwa menejimenti. Safari hii wakuu wa vitengo nasi tulipewa nakala. Imepangwa vizuri, ina michoro, na karibu kila kisanduku kina rangi ya kijani. Nikaisoma huku nikilinganisha na ninachokijua kutoka ghalani, na nikaanza kuona mpaka ulipo. Jambo likiwa na tarehe ya mwisho, idara hii inalitenda vizuri kuliko idara nyingi nilizowahi kufanya nazo kazi. Jambo likiwa na jina la mtu mwenye cheo, linaanza kwenda taratibu, kisha halionekani tena. Na ripoti, kwa bahati mbaya, inapima upande wa tarehe tu.

Nianze na wanapostahili sifa, maana wanastahili.

Mshahara kulipwa kwa siku yake si jambo la kusimulia, wengi hulipa. Nazungumzia yale madogo yanayowaumiza watu wa zamu: saa za ziada zilizofanywa usiku wa kuamkia siku ya kufunga hesabu, posho ya usiku ya mtu aliyebadilishana zamu na mwenzake, makato ya mkopo yanayoendelea mwezi mzima baada ya mkopo kwisha. Ghalani ugomvi huanzia hapo. Ofisa wa mishahara wa hapa hutuletea rasimu ya saa za ziada kabla hajafunga. Tunaipitia na wakuu wa zamu, tunasahihisha, tunasaini, ndipo anafunga. Kosa likipenya hata hivyo, fedha inalipwa kati ya mwezi bila kusubiri mshahara unaofuata. Aliyewahi kuambiwa "tutakurekebishia mwezi ujao" akiwa na kodi ya nyumba inayomsubiri anajua uzito wa jambo hilo.

Halafu kuna ambacho hakimo kwenye ripoti yoyote. Ofisa huyo hukaa na mtu na hati yake ya mshahara, mstari kwa mstari: hii kodi, hii hifadhi ya jamii, huu mkopo, hizi saa zako za ziada zilivyokokotolewa. Nimeona mfungaji akiingia amefura, akatoka anamwaga shukrani, na wala hakuongezewa kitu. Alikuwa hajawahi kuelezwa tu.

Likizo nayo iko hivyo. Siku zilizobaki zinaonekana kwenye mfumo, mkuu wa zamu anajua wiki ijayo atapungukiwa na nani, likizo ya uzazi inapangiwa mtu wa kushika nafasi mapema. Siku ya kwanza ya mfanyakazi mpya pia siwadai chochote: kitambulisho kipo, buti za usalama zipo na ni saizi yake, nywila ya mfumo wa stoo inafanya kazi. Wanaofanya kazi kwingine watanielewa nikisema hiyo ni starehe.

Kwa nini upande huu ni mzuri hivi? Sidhani ni kwa sababu maofisa wake ni hodari kuliko wenzao wa meza ya pili. Kosa la mshahara linaonekana siku ileile, na aliyeumia hahitaji ujasiri kulisema. Mamlaka ya kodi ina tarehe yake, mfuko wa hifadhi ya jamii una yake, benki ina saa ya mwisho ya kupokea faili. Kila mtu anamsukuma mwenzake, na anayesukumwa hana wa kumwogopa ila kalenda.

Sasa kuajiri. Ripoti inajivuna kwamba muda wa kujaza nafasi umepungua, na kwa saa yao ni kweli. Swali ni saa hiyo inaanza kuhesabu lini. Ya kwao huanza tangazo linapotoka. Yangu huanza siku dereva wa foklifti anaponikabidhi barua ya kuacha kazi. Katikati ya saa hizo mbili kuna ombi langu la kibali, linalokwenda kwa mkuu wa fedha, linarudi na swali, linakwenda tena, linakutana na safari ya mtu. Wiki hizo hazimo kwenye hesabu ya yeyote. Kwangu zinaonekana kwa namna ya madereva wawili kufanya kazi ya watatu, na mizigo kulala kwenye njia ya kupitia. Idara inayotaka kujua kama inawahudumia wakuu wa vitengo ingehesabu saa zote mbili na kuziweka bega kwa bega, ili kuchelewa kwa mkuu wa fedha kuonekane ni kwa mkuu wa fedha. Lakini hapo tayari tumegusa jina.

Usaili wenyewe niliukuta ukiwa wa mazoea. Meza ndefu, watu watano, kila mmoja anauliza linalomjia. "Tueleze kuhusu wewe." "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Mwombaji mmoja anaulizwa kuhusu nidhamu ya kazi, mwingine kuhusu familia, na mwishoni tunalinganisha majibu ya maswali tofauti. Hili si suala la ladha. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu mbinu za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazipitia upya hesabu hizo, wakashusha makadirio mengi, na usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji, unaopewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kabla, ukatoka juu kabisa ya orodha. Miaka ya uzoefu, kile kitu ambacho kila tangazo letu la kazi hukidai kwa herufi nzito, iko karibu na mkia.

Nikawaomba tubadilishe kwa nafasi za ghala. Kila mwombaji ajibu maswali yaleyale, kisha apelekwe mbele ya godoro la mizigo akiwa na hati ya kupokelea ambayo tumeitia makosa makusudi: katoni zimepungua, namba ya bechi hailingani, katoni moja imelowa upande wa nyuma. Ahesabu, aandike, aseme angefanya nini. Hapa ndipo nyota ya tatu ilipopatikana, kwa sababu hawakunizungusha. Ofisa wa ajira aliandaa karatasi ya alama, akaja ghalani mwenyewe, akasimama na saa mkononi. Kuna mwombaji mwenye wasifu wa kurasa nne aliyesaini hati yetu bila kugeuza katoni hata moja. Kuna binti aliyetoka shule juzi, akazunguka nyuma ya godoro kabla ya kushika kalamu. Mnajua tulimchukua nani.

Kinachowanyima nyota ya nne ni kwamba baada ya kuajiri hawarudi. Nani alivuka kipindi cha majaribio? Nani bado yupo baada ya mwaka, na mkuu wake anamsemaje? Alama zake za usaili zilitabiri chochote? Takwimu zote hizo wanazo, zimekaa kwenye mafaili mawili ambayo hayajawahi kufunguliwa kwa pamoja. Ripoti inasema nafasi zimejazwa. Kujaza nafasi ni jambo la tarehe.

Mafunzo sitakawia. Donald Kirkpatrick alieleza mwaka 1959 ngazi nne za kupima mafunzo: washiriki waliyapokeaje, wamejifunza nini, wamebadilika kazini, na kazi yenyewe imepata nini. Idara yetu imepanga nyumba ngazi ya kwanza na haina mpango wa kuhama. Baada ya kila semina kuna fomu ya kuuliza kama mkufunzi alikuwa mzuri na ukumbi ulifaa. Madereva wangu walipopata mafunzo ya usalama wa foklifti walitoa alama za juu, na alama hizo zimo kwenye ripoti. Mimi nina daftari la ajali zilizoponea chupuchupu: lini, njia gani, mzigo gani, zamu gani. Kulinganisha miezi ya kabla na ya baada ni kazi ya alasiri moja. Hakuna aliyeniomba daftari. Nilipolipeleka mwenyewe, nilishukuriwa kwa ushirikiano.

Tathmini ya utendaji ya kila mwaka ni kituko kidogo. Idara inatangaza kwa fahari kwamba fomu zote zimerejeshwa kwa wakati. Zimerejeshwa, naam, kwa sababu wanatukumbusha kila siku ya Mungu mpaka tunajaza ili watuache. Matokeo yake karibu kila mtu ana tatu kati ya tano. Mkuu wa kitengo akimpa mtu mbili lazima aambatishe maelezo, akimpa nne lazima aambatishe maelezo, na tatu haihitaji neno. Menejimenti ilipoona hivyo ikaanza kuzungumzia kulazimisha mgawanyo, kwamba sehemu fulani ya watu lazima wawe chini. Microsoft walikuwa na mfumo wa namna hiyo wakautupa mwaka 2013, na Adobe walikwisha achana na tathmini nzima ya mara moja kwa mwaka mwaka 2012, wakaweka mazungumzo ya mara kwa mara badala yake. Kwa haki, meneja wetu wa rasilimali watu alilipinga wazo hilo kikaoni. Nilikuwepo. Alisema kwa sauti ya chini, lakini alisema.

Nimefika kwenye malalamiko, na hapa nitakaa.

Kwanza tazama utaratibu unavyofanya kazi ukielekea chini. Mfungaji mmoja katika zamu yangu alidaiwa kutoka mapema na kusainiwa na mwenzake. Idara ilimpa barua ya kujieleza, ikampa siku za kujibu, ikamwita kwenye kikao cha nidhamu, ikamruhusu aje na mwakilishi, ikaandika muhtasari, ikamsomea uamuzi na haki yake ya kukata rufaa. Alipewa onyo la maandishi. Hakuna hatua iliyorukwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 158 wa mwaka 1982 unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla hajaachishwa kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji, na hapa hatukuwa hata tumefikia kuachisha. Ningeweza kuwafundishia watu kwa faili lile.

Sasa ugeuze uelekee juu. Katika kitengo cha jirani kulikuwa na mkuu wa zamu ambaye kila mtu alimjua. Aliwatukana watu mbele ya wenzao. Saa za ziada aliwagawia wale wanaomchekea, na aliyemjibu alijikuta wiki nzima kwenye kona ya kupakia magunia. Kwa wasichana alikuwa na maneno ambayo sitayaandika. Mfungaji mmoja, mama wa makamo, mtu asiyependa makuu, akaandika malalamiko kwa mkono wake, kurasa mbili, tarehe na majina ya waliosikia.

Alipokelewa vizuri. Nasisitiza hilo kwa sababu idara hii haina watu wakatili. Ofisa alimpa kiti na maji, akamwambia, "Mama, umefanya vyema kuja, suala lako litafanyiwa kazi." Likaandikwa kwenye rejista. Kisha uchunguzi ukakabidhiwa kwa meneja wa kitengo, yaani mtu aliyempendekeza yule mkuu wa zamu kupandishwa cheo na ambaye takwimu zake za uzalishaji zinategemea zamu hiyo. Mashahidi waliitwa ofisini kwake, yenye ukuta wa kioo, saa za kazi, zamu nzima ikiwaona. Unadhani walisikia nini siku ile ya matusi? Hawakusikia kitu. Baadaye mlalamikaji akaitwa, akaambiwa kwamba kwa ajili ya amani yake amehamishiwa zamu nyingine. Zamu yenyewe ni ya asubuhi, haina posho ya usiku. Kwa hiyo amani yake ilikatwa kwenye mshahara wake, na ofisa wetu mahiri wa mishahara aliutekeleza mkato huo bila kukosea hata senti.

Kwenye ripoti tukio hilo ni mstari mmoja: malalamiko yaliyopokelewa, yaliyofungwa, asilimia mia. Kijani.

Mkataba namba 190 wa shirika hilohilo, wa mwaka 2019, kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unataja waziwazi ulinzi wa walalamikaji, waathirika na mashahidi dhidi ya kulipiziwa kisasi. Kulipiza kisasi si lazima kuwe na ubaya wa sinema. Kuhamisha aliyelalamika na kumwacha aliyelalamikiwa ni ujumbe ambao kila mtu kwenye sakafu anausoma bila kufundishwa. Mwaka uliofuata rejista ilipungua. Idara ikaandika kwamba mahusiano kazini yameimarika.

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Uchache wa malalamiko unaweza kumaanisha watu wameridhika, au unaweza kumaanisha wameona yaliyompata yule mama. Ukihesabu malalamiko pekee huwezi kuyatofautisha. Ukihesabu pamoja na watu wanaoondoka, unaanza kuona.

Kuondoka kwa wafanyakazi kunapigiwa hesabu rahisi: walioondoka katika mwaka, gawanya kwa wastani wa wafanyakazi wote, zidisha kwa mia. Kampuni yenye wastani wa watu 200 ikipoteza 30 ina asilimia 15, na mtu atasema si mbaya. Lakini kama ndani yake kuna zamu ya watu 20 iliyopoteza 9, hiyo ina asilimia 45, na wengine wote waliobaki wako chini ya 12. Wastani umemficha mtu. Huo ni mfano wa kufafanulia, tarakimu zetu si za kuanika, ila sura yake ndiyo hiyo. Idara inatoa namba moja ya kampuni nzima. Kuigawa kwa idara wanakubali, kuigawa kwa msimamizi hawataki, na sababu niliyopewa ni kwamba "itaonekana kama tunamlenga mtu."

Itaonekana hivyo kwa sababu namba ndizo zinazomlenga.

Mahojiano ya kuondoka hayasaidii. Yanafanyika siku ya mwisho, mtu akiwa anarudisha kitambulisho na buti, anasubiri hesabu ya mafao yake isainiwe na ofisi hiyohiyo inayomuuliza. Fomu ina visanduku, na kinachotikiwa zaidi ni "sababu binafsi". Mtu mwenye akili atatiki hicho. Atahitaji barua ya utambulisho kesho. Mimi huwa nawapigia simu waliotoka kwangu baada ya muda kupita, wakiwa wametulia kwingine, na mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Wananiambia kuhusu ratiba inayotoka kuchelewa, kuhusu mizani mbovu, kuhusu mimi pia, kwamba nikiwa na haraka huwa nakata watu maneno. Hakuna hata mmoja aliyezungumzia kisanduku.

Dodoso la kila mwaka la kuridhika kazini linaitwa la siri. Linakuuliza kitengo, jinsia, ngazi ya cheo na miaka ya utumishi. Katika kampuni hii mwanamke mkuu wa ghala mwenye miaka yangu ni mmoja. Ningeandika jina langu tu tukaokoa muda. Desturi nzuri ni kuunganisha makundi madogo ili lisionekane kundi la watu wachache sana, na mfumo wanaoutumia una uwezo huo, ni kitufe. Nilipowaeleza wakakiwasha, kwa hiyo lile niliwafutia.

Kwa kuwa natoa hukumu, niangalie na upande wao. Idara hii haina rungu. Meneja wa rasilimali watu anaripoti kwa mkurugenzi mtendaji, bajeti yake inapangwa na fedha, na meneja wa kitengo anayeleta uzalishaji ana sauti kuliko yeye mezani. Dave Ulrich aliandika mwaka 1997 kwamba kazi hii ina nafasi nne kwa wakati mmoja: mshirika wa mkakati, msukuma mabadiliko, mtaalamu wa uendeshaji na mtetezi wa wafanyakazi. Ya tatu wanaiweza kabisa. Ya nne inagongana na mishahara yao wenyewe, na ofisa kijana anayepanga mkataba wake upya kila mwaka hatamwandikia meneja mkubwa barua ya kujieleza. Mwenye nguvu mpishe, na korido zetu ni nyembamba.

Ila kuna kejeli ndogo ya historia. Idara ya kwanza ya aina hii, kama inavyosimuliwa mara nyingi, ilianzishwa na kampuni ya Marekani ya National Cash Register baada ya mgogoro mkubwa na wafanyakazi wake mwaka 1901, na moja ya kazi zake ilikuwa kusikiliza malalamiko. Mishahara ingeweza kulipwa na mhasibu, na malalamiko ndiyo yaliyohitaji ofisi yake.

Tena wanachotakiwa kufanya hakihitaji fedha nyingi. Uchunguzi wa lalamiko dhidi ya msimamizi usifanywe na bosi wake, na mashahidi wasikilizwe mahali pasipo na kioo. Anayehamishwa wakati wa uchunguzi awe anayelalamikiwa, au kama ni mlalamikaji kwa hiari yake, posho yake isiguswe. Rejista iongezwe safu moja: mlalamikaji yuko wapi baada ya miezi sita, zamu gani, mshahara gani, bado yupo? Mwongozo wa kimataifa wa ISO 30414 wa mwaka 2018 kuhusu kuripoti rasilimali watu tayari ulitaja idadi na aina ya malalamiko miongoni mwa mambo ya kuhesabiwa, pamoja na hatua za nidhamu zilizokamilika. Weka safu hizo mbili kwa ngazi ya cheo, nani alilalamikiwa na nani aliadhibiwa, na hutahitaji mtu kama mimi kuandika kurasa hizi.

Nimepeleka ombi la kugawa namba za wanaoondoka kwa kila msimamizi, kwa kitengo changu kwanza, jina langu likiwa juu ya orodha, ili asiwepo wa kusema ninamlenga jirani. Ofisa wa takwimu alinijibu siku hiyohiyo kwamba inawezekana na akaniuliza nataka kwa miezi au kwa robo mwaka. Nikasema robo mwaka. Namba za zamu zangu ninazo, na moja kati yake si nzuri. Mkuu wa zamu hiyo tumeshakaa naye. Meneja wa kitengo cha jirani naye ameulizwa kama anataka zake, na amesema anazijua.

Kwa hiyo, kama umepewa barua ya ajira na kampuni hii na unajiuliza, mimi ningekuambia uikubali. Utalipwa kila senti ya saa zako, utaelezwa makato yako, mkataba wako hautakuwa na mtego. Kabla ya kusaini uliza swali moja tu: ni zamu ya nani? Wakikuambia itapangwa baadaye, omba ijulikane sasa.